Kufunga supachaja mbili kwenye injini ya pikapu: mwongozo kamili kuanzia hesabu mpaka kutune

Ukisema supachaja mbili kwenye pikapu (supachaja ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuisukumia hewa) watu wanawaza busti kubwa, yani presha ya hewa iliyozidi ile ya kawaida, yani kama moja inatoa nusu bar basi mbili zitatoa bar nzima na gari iruke. Sio hivyo, na ukianza na wazo hilo utaua injini mapema. Faida ya kweli ya kufunga mbili ni kwamba kila moja inazunguka taratibu. Blowa, yani hiyohiyo supachaja, ikizunguka taratibu haipashi hewa sana, mkanda wake hauteseki, na bado injini inashiba hewa kuanzia mizunguko 1500 huko chini, na hapo ndo pikapu yenye mzigo nyuma inapohitaji nguvu kuliko sehemu nyingine yoyote. Kila uamuzi nitakaoeleza unatoka hapo: hewa ya kutosha, joto dogo.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho ili namba zishikamane. Injini ni LQ4 ya GM, V8 ya lita 6.0, bloku ya chuma, ilifungwa kwenye pikapu za Chevrolet na GMC kuanzia 1999. Naipenda kwa sababu bloku ni ngumu na kompresheni yake ni 9.4 kwa 1, iko pazuri kwa busti ya wastani bila kubadilisha mambo mengi. Blowa ni Eaton M90 mbili, zile zilizokuja kwenye Ford Thunderbird Super Coupe na baadaye kwenye V6 ya GM ya lita 3.8. Namba 90 maana yake inasukuma inchi za ujazo 90 kwa kila mzunguko, sawa na lita 1.47. Kama injini yako ni nyingine njia ni ileile, badilisha namba tu.

Na niseme wazi, ukipata blowa moja kubwa ya lita 2.3 kazi inakuwa fupi zaidi. Mbili ndogo zinaleta maana pale bonneti iko chini na blowa kubwa haiingii, au tayari unazo mbili nzima za namba moja. Namba moja nasisitiza, zisiwe za miaka tofauti zenye midomo tofauti, maana kila tofauti ndogo itakusumbua kwenye mkanda na kwenye hewa.

Sambamba au mfululizo

Hapa ndo watu wengi wanapotelea. Kwenye mfululizo blowa ya kwanza inalisha ya pili na ya pili inalisha injini. Presha hazijumlishwi, zinazidishana: kila moja ikipandisha mara 1.55 basi mwisho ni mara 2.4, yani busti ya bar 1.4. Mtindo huu upo na una heshima yake, injini ya Rolls-Royce Merlin toleo la 60 iliyokuwa kwenye ndege ya kivita ya Spitfire Mk IX mwaka 1942 ilikuwa na ngazi mbili, na Alfa Romeo 158 na 159 zilizochukua ubingwa wa Formula 1 mwaka 1950 na 1951 pia zilikuwa na ngazi mbili. Lakini ile ndege ilikuwa inatafuta hewa huko juu ambako ni nyembamba, na zile Alfa zilikuwa zinakunywa mafuta yenye alkoholi ambayo yanapoza sana yakiingia. Pikapu ya petroli haina kati ya hivyo viwili.

Angalia joto. Blowa ya aina ya Roots kama M90 ina ufanisi wa kama asilimia 55 hivi. Hewa ya nyuzi 25 ikipandishwa mara 1.55 inatoka na nyuzi 97. Ukiichukua hiyo ya 97 ukaipitisha kwenye blowa ya pili bila kuipoza katikati inatoka karibu nyuzi 190. Hakuna intakula (kipoza hewa kabla haijaingia kwenye injini) ya kwenye pikapu itakayoituliza hewa hiyo huku unavuta trela.

Kwahiyo tunafunga sambamba. Zote mbili zinavuta hewa ya nje, zote zinasukuma kwenye chumba kimoja cha hewa. Chumba kimoja, usikubali ushauri wa kila blowa kulisha upande wake wa silinda nne. Ukiangalia mpangilio wa moto wa injini hii, yani silinda zinavyopokezana kuwaka, 1-8-7-2-6-5-4-3, namba witiri ziko kushoto na shufwa ziko kulia. Silinda 2 na 6 zinafuatana na zote ziko kulia, alafu 3 na 1 zinafuatana na zote ziko kushoto. Kila upande unavuta hewa kwa kushtuka, sio kwa mpangilio sawa, na ukizitenganisha busti ya kushoto na kulia hazitalingana, upande mmoja unapata hewa nyingi kuliko mafuta na pistoni za upande huo ndo zitakazotoboka. Chumba kimoja kinafuta tatizo lote.

Hesabu kabla ya kununua chochote

Chukua karatasi. Injini ya stroko nne inavuta ujazo wake wote kwa mizunguko miwili, kwahiyo cc 5967 ni lita 2.98 kwa kila mzunguko wa kranki (shafti kuu ya injini), na kwa kuwa silinda hazijai kabisa tuchukue asilimia 90, tunabaki na lita 2.68. Mimi nataka busti ya bar 0.55, sio zaidi, kwahiyo presha inapanda mara 1.55. Ila hewa hiyo ikifika kwenye silinda ni ya nyuzi 50 wakati ilianza na 25, imetanuka, kwahiyo hewa ya kweli iliyoongezeka ni mara 1.43 tu. Zidisha 2.68 kwa 1.43, ni lita 3.83. Blowa nazo zinavuja kidogo kwenye rota, tuseme zinafanya asilimia 85, basi zinatakiwa kusukuma lita 4.5 kwa kila mzunguko wa kranki. M90 mbili kwa pamoja ni lita 2.95. Gawanya, unapata 1.53.

Hiyo 1.53 ndo mara ngapi blowa inazunguka kila kranki ikizunguka mara moja. Pulei ya kranki ikiwa na kipenyo cha milimita 190, pulei za blowa zinakuwa milimita 124 kila moja. Injini ikiwa kwenye 6000 blowa ziko kwenye 9200 hivi. Sasa fikiria ungekuwa na M90 moja tu kwa injini hii na busti hiyohiyo: ingetakiwa kuzunguka zaidi ya 18,000, haiwezi, na ingekuwa inapika hewa badala ya kuisukuma.

Namba hizi ni za kuanzia. Siku ya kutune unaweza kukuta busti imetoka 0.48 au 0.62, ndo maana tengeneza pulei zinazotoka kirahisi, na anza na kubwa zaidi kidogo kuliko hesabu, kama milimita 130, ili makosa yawe upande salama.

Hesabu ya mwisho ni ya gharama ya kuzungusha. Hewa inayopita kwenye 6000 ni kama kilo 0.45 kwa sekunde, na kuipandisha joto nyuzi 72 kunakula kilowati 33 hivi, yani farasi 44, bila kuhesabu msuguano wa beringi. Nguvu hiyo yote inapita kwenye mkanda. Ikumbuke tukifika huko.

Sehemu ya chini ya injini

Toa injini, fungua kila kitu, osha bloku, peleka ikapimwe nyufa. Ukichonga silinda, fundi afunge sahani ya toki juu ya bloku wakati anachonga na kuhoni, ile sahani nene inayokazwa kama vile hedi, kifuniko cha juu cha silinda, iko pale. Bloku yangu ya kwanza ilichongwa bila sahani na nilihakikishiwa haina shida. Injini ikaanza kunywa oili tangu siku ya kwanza. Nilipoifungua nikafunga sahani nikapima, silinda karibu na matundu ya bolti zilikuwa zimejivuta kama milimita 0.03, ringi haziwezi kukaa vizuri kwenye tundu la namna hiyo, na kwenye injini yenye busti gesi zinapita chini na kusukuma oili kila mahali. Kazi yote ikarudiwa. Kwahiyo uliza kabla hujaacha bloku, na kama karakana haina sahani hiyo chukua bloku uondoke.

Pistoni ziwe za kufuliwa (forged). Kuna aloi mbili utakazokutana nazo. 4032 ina silikoni nyingi, haitanuki sana, inakaa kimya ikiwa baridi, 2618 ni laini zaidi na inavumilia injini kugonga (mchanganyiko kulipuka wenyewe vibaya ndani ya silinda) bila kupasuka lakini inatanuka kwahiyo inahitaji nafasi kubwa na asubuhi utaisikia ikigongagonga mpaka ipate moto. Kwa gari la mzigo lenye busti mimi nachukua 2618 na navumilia kelele za asubuhi. Nafasi kati ya pistoni na silinda fuata karatasi ya aliyetengeneza pistoni, usifuate ya kiwandani ya gari.

Sasa ringi, na hapa tulia. Ringi ya juu inapata moto mkali zaidi ukiwa na busti, inarefuka, na kama ncha zake mbili zikigusana haina pa kwenda, inajikaza kwenye silinda na kung'oa ukingo wa pistoni. Kipimo ninachotumia ni kipenyo cha silinda mara 0.006, kwahiyo 101.6 inatoa milimita 0.61. Ya pili naipa kidogo zaidi, 0.66. Ingiza ringi kwenye silinda kwa mkono, isukume chini kwa pistoni iliyogeuzwa kichwa chini ili ikae sawasawa pande zote, alafu pitisha fila geji (bati jembamba la kupimia) kwenye mwanya kati ya ncha. Kama haiingii, toa ringi, piga tupa upande mmoja tu wa ncha, na tupa ielekee ndani, ukivuta kuelekea nje unachubua uso wa nje wa ringi. Mivuto miwili mitatu, futa, rudisha, pima tena. Baada ya hapo pitisha jiwe laini kwenye ncha uondoe vinyweleo, ukigusa kwa kidole usisikie kitu. Kila ringi ipimwe kwenye silinda yake na ibaki nayo. Ni ringi 16 za kupimwa hivyo, inachukua siku nzima, na sijawahi kujuta siku hiyo.

Rodi badilisha weka za kufuliwa zenye bolti nzuri. Wapo wanaotumia za kiwandani kwa nguvu hii na zinakaa, lakini pikapu inavuta mzigo kwa dakika kumi mfululizo, sio sekunde kumi za mbio. Beringi za kranki na za rodi lenga nafasi ya oili ya milimita 0.06, pima kwa maikromita, alafu hakikisha kwa Plastigage (uzi wa plastiki unaobonyea na kuonyesha nafasi iliyopo) kabla ya kufunga moja kwa moja. Kukaza fuata karatasi ya bolti ulizonunua, na paka grisi waliyosema wao, maana toki (nguvu ya kukazia) ileile ikikazwa kwa oili ya kawaida inatoa mvuto mwingine kabisa.

Jambo moja la injini hizi ambalo wengi wanalijua baada ya kuharibikiwa: kranki ya familia hii haina kii, kile kipande cha chuma kinachozuia pulei isiteleze kwenye shafti. Pulei ya mbele imeingizwa kwa kubana tu na bolti. Kwa feni na altaneta inatosha, lakini ukiitundikia blowa mbili itateleza, na ikiteleza inakula kranki. Kwahiyo toboa na piga pini, kila tundu nusu kwenye kranki nusu kwenye kitovu cha pulei, kuna jigi zake za kuongoza drili, weka pini mbili zikiangaliana. Fanya hivyo injini ikiwa kwenye stendi, ndani ya gari hakuna nafasi.

Hedi funga na gasketi ya chuma yenye tabaka nyingi na stadi badala ya bolti, na uso wa hedi na bloku viwe laini kama gasketi inavyodai. Springi za valvu badilisha. Valvu ya kuingiza ya milimita 50.8 ikisukumwa mgongoni na bar 0.55 ni kama kilo 11 zinazojaribu kuifungua muda wote, springi iliyochoka itashindwa kwenye mizunguko ya juu. Kamshafti chukua isiyoacha valvu mbili wazi kwa pamoja muda mrefu, utengano wa nyuzi 114 hivi kati ya kilele cha kuingiza na cha kutoa unafaa, la sivyo hewa uliyoisukuma inapitiliza kwenye eksozi.

Menifoldi na kuzipanga blowa

Kabla ya kukata aluminiamu tengeneza yote kwa boksi gumu na mbao. Weka injini kwenye gari, weka mfano wa blowa mbili zikiwa ubavu kwa ubavu pua zikiangalia mbele, bandika udongo wa watoto wa kuchezea juu ya sehemu zilizoinuka, funga bonneti taratibu, fungua, pima unene uliobaki. Nataka milimita 25, maana injini inajipinda kwenye mauntini ukikanyaga.

Menifoldi yangu ni ghorofa tatu. Chini ni sahani mbili zinazokaa kwenye hedi, katikati ni chumba cha hewa kilichobeba kitalu cha intakula ya maji, juu ni sahani nene ya milimita 12 ambayo blowa zinakaa. Ukishachomelea sahani itapinda, haikwepeki, kwahiyo acha nyama ya ziada na ipeleke ikapigwe uso baada ya kuchomelea. Blowa ikikaa kwenye sahani iliyopinda ukaikaza kwa nguvu, ganda linajivuta na rota zinaanza kukwaruza.

Throto iwe moja, mbele ya blowa zote mbili, alafu njia igawanyike kwa urefu sawa kwenda kila mdomo. Kila M90 inakuwa na baipasi yake, mlango unaorudisha hewa nyuma usipokanyaga ili blowa isihangaike bure ukiwa unatembea taratibu. Viendeshaji vya milango hiyo viunge kwa mpira mmoja wenye T ili ifunguke na kufunga pamoja. Ikifunga mmoja kabla ya mwingine hewa ya blowa moja inatoka kwa mwenzake.

Na kabla ya kuzifunga kagua blowa zenyewe. Zungusha kwa mkono, sikiliza mkwaruzo. Shika pulei uitikise kulia kushoto, ukisikia tak tak kapla ya ndani ya pua imekwisha, ni kitu kidogo na kinabadilishwa. Ukiona oili kwenye rota sili zimekufa. Badilisha oili ya gia zake, watu wanasahau kwamba blowa ina oili yake.

Mkanda

Kama kuna sehemu moja ya kuisoma mara mbili ni hii. Nilianza na mikanda miwili, kila blowa na wake, nikidhani ni salama zaidi. Kumbe sio. Mkanda mmoja ukikatika, blowa iliyobaki inasukuma hewa kwenye chumba, hewa inamkuta mwenzake amesimama hana cha kumshika, inamzungusha kinyume na kutoka nje kupitia kwake. Busti inaanguka ghafla ukiwa katikati ya kupita gari lingine na injini inaanza kumisi. Sasa hivi natumia mkanda mmoja mpana wenye mifereji 10 unaozungusha zote mbili, ukikatika zote zinasimama, baipasi zinafunguka, gari linakuwa zito lakini linakufikisha.

Upande wenye mifereji ndo ushike pulei zote mbili za blowa, maana ukishika kwa mgongo blowa inazunguka kinyume. Kati ya blowa na blowa weka pulei ya kupitisha inayosukuma mgongo wa mkanda kwenda chini, hiyo inafanya mkanda ukumbatie kila pulei angalau nusu duara. Tensiona inakaa upande uliolegea, yani pale mkanda unapotoka kwenye kranki, sio unapoingia. Ukiiweka upande unaovutwa, kila ukikanyaga mkanda unaisukuma tensiona na kulegea wakati hasa unapouhitaji ukaze.

Ile kilowati 33 ya mwanzo, kwenye 6000 mkanda unakimbia mita 60 kwa sekunde, kwahiyo mvuto wake ni kama kilo 56. Sio mwingi kwa mkanda mzuri, lakini ni mwingi kwa breketi ya bati. Breketi zote za pulei ziwe za sahani nene na kila bolti ya pulei ishikwe pande mbili kadiri inavyowezekana. Pima mstari wa pulei zote kwa rula ndefu iliyonyooka, tofauti isizidi milimita 1.

Njia ya kujua kama mkanda unateleza: ukishatembea angalia uso wa pulei ya blowa. Ukiona unaanza kung'aa kama kioo na kuna vumbi jeusi la mpira pembeni, unateleza. Usikimbilie kukaza tensiona, angalia kwanza mkumbatio na mstari.

Intakula

Maji yake yawe ya peke yake, yasichanganywe na ya radieta, maana ya radieta yana nyuzi 90 na wewe unataka kupoza hewa ya 97. Radieta ndogo ya pili mbele, pampu ya umeme, tangi dogo, na mahali pa kujazia pawe juu kuliko vyote ili upepo utoke. Ukiacha upepo ndani pampu inazunguka tu bila kusukuma na hutajua mpaka injini igonge. Weka sensa ya joto la hewa baada ya kitalu, sio kabla, hiyo ndo itakayokulinda.

Mafuta, moto, na mipira midogo

Hewa kilo 0.45 kwa sekunde, ukichanganya kilo 11.8 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, unahitaji kama kilo 138 za petroli kwa saa ukiwa umekanyaga mpaka mwisho. Gawanya kwa nozo 8, geuza kuwa cc, ni karibu 390 kwa dakika kila nozo, na kwa kuwa hutaki nozo ifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda, chukua za cc 500 mpaka 550. Pampu, kilo 138 ni lita 187 kwa saa, weka akiba ya theluthi moja, kwahiyo pampu ya 255 kwa kipimo cha kwenye presha, sio kile kinachopimwa ikiwa wazi. Regyuleta iwe na mpira unaosoma chumba cha hewa ili presha ya mafuta ipande pamoja na busti.

Sensa ya MAP (inayopima presha ya hewa kwenye chumba) ya kiwandani inaishia kusoma presha ya hewa ya kawaida, ikifika hapo haioni tena, weka ya bar 2 au 2.5 na uiambie kompyuta ya injini. Plagi weka za baridi zaidi kwa ngazi moja au mbili, mwanya punguza mpaka milimita 0.75, busti inazima cheche ndefu.

Mpira wa breki, tafadhali. Buusta ya breki, kile kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga, inafanya kazi kwa hewa yake kunyonywa na chumba cha hewa, na sasa chumba hicho kina busti. Valvu ya njia moja kwenye mpira huo iwe mpya, na ipime kwa mdomo kabla ya kuifunga. Hivyohivyo mpira wa pumzi ya injini, weka valvu ya njia moja na kopo la kunasa oili, usije ukasukuma busti kwenye sampu (bakuli la oili) na kutoa sili za kranki.

Kuwasha

Toa plagi, zima nozo, zungusha kwa stata mpaka presha ya oili ionekane kwenye geji. Ndipo urudishe plagi na uwashe. Wiki za mwanzo baipasi zote mbili zifungie wazi kwa waya, ili injini ikae bila busti. Usiiache ikinguruma tu imesimama, ringi zinahitaji mzigo ili zikae, tembea, kanyaga kiasi, achia, kanyaga tena. Mwaga oili baada ya nusu saa ya kwanza, kata filta uangalie ndani, chenga ndogo za kung'aa kidogo ni kawaida, vipande unavyovisikia kwa kidole sio kawaida na unasimama hapo. Mwaga tena baada ya kilometa 800, ndipo utoe ile waya baipasi zifanye kazi.

Kutune

Tune kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) na sensa ya oksijeni ya waidibendi, inayosoma mchanganyiko wa hewa na mafuta. Jaza kwanza sehemu za mzigo mdogo mpaka ziwe safi, alafu panda hatua kwa hatua. Kwenye busti mchanganyiko lenga lambda 0.80, yani ile 11.8 kwa 1 ya hapo juu. Moto, yani cheche inatokea nyuzi ngapi za kranki kabla pistoni haijafika juu kabisa, anza na nyuzi 14, mpandisho ni nyuzi moja moja huku ukisikiliza kwa hedifoni iliyounganishwa na bloku, na mara nguvu inapoacha kuongezeka simama, hata kama haijagonga. Weka kwenye kompyuta jedwali la kurudisha moto nyuma kadiri joto la hewa linavyopita nyuzi 55. Petroli iwe oktani 95 kwenda juu na iwe hiyohiyo utakayotumia kila siku.

Kwa namba hizi injini inatoa kama farasi 500. Gia boksi nyepesi ya 4L60-E haitaishi na hiyo pamoja na mzigo, weka 4L80-E na kula ya oili ya gia ya maana. Difu, breki na springi za mbele viangalie pia, umeongeza uzito puani na pikapu tupu nyuma ni nyepesi, kwenye lami yenye maji itazunguka matairi kabla hujategemea.

Baada ya kilometa 1000 za busti fanya hivi. Injini ikiwa baridi pima mkanda na mstari wa pulei tena. Ongeza maji ya intakula, yatakuwa yamepungua kidogo upepo ukitoka. Alafu toa plagi zote 8, zipange kwa namba zake kwenye meza, chukua lenzi na tochi, angalia ule kauri mweupe wa kila moja. Ukiona vidoa vidogo sana vinavyong'aa kama fedha, hiyo ni aluminiamu ya pistoni, silinda hiyo inagonga hata kama hukuisikia. Rudisha moto nyuma nyuzi 2, weka pulei za blowa za kipenyo kikubwa zaidi, vuta mzigo tena, na utoe plagi uangalie upya.